Utani Usio na Mtani

Ndugu msomaji, jioni moja mjukuu wangu aliniletea simu yake barazani nilipokuwa nimekaa, akaniambia, "Babu, hebu ona hii." Ilikuwa picha iliyopigwa Kariakoo. Mkokoteni umelala ubavu njiani, trei za mayai zimemwagika, uji wa njano umetapakaa mpaka kwenye miguu ya wapita njia, na kando yake kijana mmoja amesimama mikono kichwani. Juu ya picha mtu ameandika kwa herufi nene: "Alisema: Kwa nini niende mara mbili?"

Nilicheka. Sitaki kujifanya mtakatifu mbele yako. Nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Kisha nikamwomba mjukuu wangu anitumie picha ile, nami nikaipeleka kwenye kundi letu la walimu wastaafu. Nao wakacheka, na kila mmoja akaituma kwa anaowajua. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja tu, na ni juu ya kidole kile ndipo ninapoandika leo.

Siku hizi picha za namna hii zimejaa katika simu zetu. Vijana wawili hukaa kibarazani, mmoja ana picha, mwingine ana maneno, na kabla chai haijapoa kichekesho kimekwisha kufika Mwanza na Muscat. Nazo zina kanuni yake, kama shairi lilivyo na vina na mizani: kwanza uamuzi mdogo, halafu balaa kubwa. Mtu alisema breki atazitengeneza kesho. Tazama, gari liko mtaroni. Mtu aliulizwa na mkewe kama amenenepa, akachelewa kujibu kwa sekunde mbili. Tazama, analala sebuleni.

Wenzangu wa rika langu wakizungumzia picha hizi hulaani tu. Husema vijana wameharibika, hawasomi, kazi yao kuchekacheka. Mimi simo katika kwaya hiyo. Mtu aliyefundisha Kiswahili miaka mingi hawezi kushindwa kuona kwamba vijana hawa wanafanya jambo tulilolifanya sisi sote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ufa ni mdogo, ukuta ni mkubwa. Mwiba ni mdogo, tende ni kubwa. Babu zetu walitunga kitu kilekile, ila hawakuwa na simu.

Wala picha yenye maneno si jambo geni mjini kwetu. Shuka Mtaa wa Uhuru, ambao sisi wazee tuliukuta ukiitwa Kichwele, utazame kanga zinavyotundikwa madukani. Kila kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na jina ndiyo yale maneno yanayofanya mwanamke asimame, asome, acheke peke yake, kisha afungue pochi. Vilevile wapo wanaokumbuka Chakubanga, yule aliyekuwa akichorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Kulikuwa na watu walioanza kulisoma gazeti kwa Chakubanga, ndipo wakarudi kwenye hotuba. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ninachukia vichekesho.

Lakini tazama vizuri mifano hiyo miwili. Mwanamke anayetaka kusema neno kwa kanga hulifunga neno hilo mwilini mwake mwenyewe. Akipita nalo mtaani, jirani anajua nani amesema, na akitaka kujibu anakwenda Mtaa wa Uhuru naye kununua jibu lake. Hakuna anayemvamia mwenzake njiani akamfunga kanga kwa nguvu, kisha akajificha nyuma ya ukuta. Na Chakubanga alikuwa mtu wa wino. Kila mjinga wa mjini alijiona ndani yake, lakini hapakuwa na mjinga hata mmoja aliyenyooshewa kidole. Chakubanga hakuwa na mke wa kumwonea haya, wala mtoto wa kutaniwa shuleni.

Kijana wa mayai anaye mke, na anaye mtoto. Nalijua hilo kwa sababu nilimtafuta.

Sikumtafuta kwa wema. Siku chache baadaye nilikwenda Kariakoo kununua koki ya bomba, na nilipokuwa nikipita karibu na Mtaa wa Msimbazi nikasikia wabeba mizigo wakiitana. Mmoja akaitwa, "We Mara Mbili!" Wenzake wakaangua kicheko. Nikageuka, nikamwona ni yeye. Picha ile ilikuwa bado imo simuni mwangu. Nikamsogelea, naye kwa heshima akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikaitika, nikamwomba anibebee koki yangu, mzigo ambao mtoto mdogo angeuweka mfukoni. Alinitazama kwa mshangao, lakini akaufuata mguu wangu hadi kwa mama lishe, tukakaa tukanywa chai.

Alichoniambia ni hiki. Mabeba mizigo hulipwa kwa safari. Siku ile mwenye mayai alikuwa na trei zake nyingi, na kijana akamwambia kwa kinywa chake kwamba mzigo ule ni wa safari mbili. Mwenye mali akakataa. Akasema atalipa safari moja, na asiyetaka aache, wapo wengine. Kijana akapakia. Alipofika penye kona, gurudumu likaingia katika mtaro usio na mfuniko. Mfuniko ulikuwa umeondolewa siku nyingi, na mtu mwema mmoja alikuwa ameuziba mdomo wa mtaro kwa boksi la karatasi.

Nikatoa simu, nikaitazama picha upya. Mtaro haumo. Mpigapicha, au yule aliyeandika maneno, aliikata picha pale chini ili mayai na uso vionekane vizuri. Mwenye mali naye hayumo. Aliyebaki ni mtu mmoja tu, na mdomoni mwake yamewekwa maneno ambayo hakuyasema. Tena ukweli ni kinyume chake: yeye ndiye pekee siku ile aliyetaka kwenda mara mbili.

"Mayai ninayalipa kidogo kidogo," akaniambia. "Hayo yatakwisha, mzee. Ila mwanangu shuleni wanamwita Mayai. Juzi aligoma kwenda."

Sikumwambia kwamba nami nilituma. Nilimlipa ujira wa kubeba koki, nikarudi nyumbani nikiwa na aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Maneno yanayoandikwa juu ya picha ni hukumu. Husema: huyu ndiye aliyechagua, na haya ndiyo malipo yake. Hukumu hiyo hutolewa bila shahidi, bila mshitakiwa kuulizwa, na mara nyingi na mtu ambaye hakuwapo. Na kwa kuwa picha lazima iwe fupi, lazima iwe na mtu mmoja wa kulaumiwa, basi lawama humwangukia aliye mbele ya kamera. Mara nyingi huyo ni mtu mnyonge. Aliyekataa kulipa safari ya pili yuko dukani kwake kivulini. Anayepaswa kurudisha mfuniko yuko ofisini. Hao hawapigwi picha, kwa sababu uzembe hauna sura. Mtu anayeacha kufanya jambo hatoi kishindo chochote. Kishindo hutolewa na mayai.

Kariakoo imeanza kubeba mizigo ya wengine zamani. Hata jina lake limetokana na wapagazi, wale watu wa Carrier Corps waliobebeshwa mizigo ya vita ambavyo si wao walivyovianzisha. Maelfu kwa maelfu walibeba chakula na risasi za Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na wengi hawakurudi kwao. Nani aliwauliza kama waende mara moja au mara mbili?

Nitatoa mfano mwingine ambao si wa kuchekesha hata kidogo. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi katikati ya mji liliporomoka, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, jengo jingine liliporomoka Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, na watu wakanaswa ndani yake mpaka sehemu iliyo chini ya ardhi. Waliokolewa wengi, lakini waliokufa walipita 20. Serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Yule aliyeingia dukani asubuhi ile ya Jumamosi alichagua nini? Alichagua duka tu. Machaguo yenyewe yalikwisha kufanywa mbele yake, na kila moja, nina hakika, lilionekana dogo mbele ya aliyelifanya. Ghorofa haianguki siku inapoanguka. Huanza kuanguka siku mtu anapopunguza saruji, siku mwingine anapopitisha mchoro bila kuutazama, siku wa tatu anaposema ukaguzi utafanyika wiki ijayo. Hayo ndiyo maamuzi madogo yenye matokeo makubwa. Kama kweli vijana wetu wanataka kuchekesha kwa kanuni hiyo, nawaombea wapate picha ya meza moja safi, kalamu moja, karatasi moja, na juu yake waandike: "Alisema: Weka sahihi tu, nani atajua?" Hiyo nitaituma mwenyewe, nayo nitaituma mara mbili.

Ninajua jibu nitakalopewa. Nimekwisha kupewa na mjukuu wangu: "Babu, ni utani tu."

Ninalipenda neno hilo utani, na ndiyo maana linaniuma linapotumiwa ovyo. Utani kwetu si kila kicheko. Ni uhusiano wenye sheria. Wazaramo na Wanyamwezi wana utani wao, uliokuzwa na misafara iliyokuwa ikishuka pwani. Na makabila mengine vivyo hivyo wana watani wao. Mtani wako anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako angelisema mngepigana. Anaweza kukunyang'anya kofia yako mbele za watu. Lakini wewe nawe una haki ileile juu yake, tena papo hapo, uso kwa uso. Na siku ya msiba wako mtani hafiki kama mgeni. Atafika awachekeshe wafiwa, adai fedha zake, alale kaburini asizuie. Lakini pia atashika jembe, na kazi ambazo wenye uchungu hawaziwezi atazifanya yeye. Aliyekucheka akiwa na wewe hai ndiye anayekufukia.

Basi ninawauliza hawa wanaosema ni utani tu: mtani wa kijana wa mayai ni nani? Yuko wapi ili naye ataniwe? Siku mtoto yule alipogoma kwenda shule, mtani gani alibisha hodi akamshika mkono? Utani usio na mtani una jina jingine katika Kiswahili. Unaitwa dhihaka.

Wapo wengine wenye jibu la heshima zaidi. Husema picha hizi zinafundisha. Kwamba mtu akiona mwenzake alivyoaibika, naye atajihadhari. Jibu hili nimelitafakari sana, maana ni la kazi yangu. Niliwahi kuliamini.

Mwaka 1986 nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Mwanachuo mmoja, mpole na mwenye mwandiko mzuri, aliniletea andalio lake la somo. Alikusudia kuandika kwamba mwishoni mwa kipindi atawauliza wanafunzi mmoja mmoja. Akaruka herufi, ikawa: "Nitawauza wanafunzi mmoja mmoja." Nilicheka, kama nilivyocheka juzi. Kisha nikachukua karatasi kubwa, nikachora darasa limefungwa kamba na mwalimu ameshika kengele ya mnada, nikanakili sentensi yake kama ilivyo, na chini nikaandika: "Kwa kuruka herufi mbili, darasa zima limeuzwa." Nikaibandika kwenye ubao wa matangazo pamoja na jina lake, kwa nia ya kufundisha umuhimu wa kusahihisha kazi kabla ya kuikabidhi.

Chuo kizima kilicheka. Kuanzia siku hiyo aliitwa Dalali. Naye alicheka pamoja na wenzake, kama wanavyofanya wote wanaochekwa na walio wengi, nami nikalichukua cheko lake kuwa ni ridhaa.

Mwisho wa mwaka nilikwenda kumpima katika mazoezi ya kufundisha. Alifundisha kipindi kizima bila kugusa chaki. Alieleza kwa mdomo, akauliza kwa mdomo, akaaga. Katika fomu yake nikaandika: "Hatumii ubao," nikampunguzia alama. Ilinichukua miaka mingi, msomaji wangu, kuunganisha karatasi yangu na ubao wake. Nilipounganisha, nilikuwa mkuu wa shule, na sikujua tena wapi pa kumpata.

Je, alifundishika? Naam, alifundishika. Alijifunza kwamba anayeandika mbele za watu huchekwa, basi bora asiandike. Na wenzake mia mbili walijifunza hivyo hivyo kwa kumtazama yeye. Aibu hufundisha kweli, ila haichagui somo ulilokusudia wewe. Kijana wa mayai naye amejifunza: ameniambia siku hizi akiona mtu ameinua simu hugeuza uso ukutani, hata kama anapigwa picha mtu mwingine. Mitaro bado haijajifunza kitu.

Jibu la tatu ni la wanasheria wa kibarazani: alikuwa barabarani, na barabara ni ya wote. Sawa, barabara ni ya wote. Uso si wa wote. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sikuandika makala haya ili kumpeleka mtu mahakamani. Mbeba mizigo anayelipa mayai kidogo kidogo hana siku ya kwenda kushitaki. Tena nina wasiwasi kwamba mlango wa sheria ukifunguliwa kwa pupa, wa kwanza kuuingia watakuwa wakubwa ambao hawapendi kuchekwa, na hao ndio hasa wanaostahili kuchekwa kidogo. Kichekesho kinachopanda juu kina kazi katika nchi. Ninachokipinga ni kile kinachoshuka chini kwa yule aliyekwisha kuanguka.

Ninataka nini basi? Mwalimu asiyeacha zoezi hajafundisha, kwa hiyo naacha zoezi dogo. Ukitaka kuchekesha juu ya uamuzi mdogo ulioleta balaa, anza na wako. Kila mmoja wetu anao wa kutosha. Ukitaka kusema juu ya tabia ya watu wengi, chora, au tunga mtu asiyekuwapo, kama alivyotungwa Chakubanga. Ukitaka kutumia uso wa mtu, mwulize. Na kama huwezi kumwuliza, huna utani naye. Na ukiletewa picha, kabla ya kuicheka, tazama ilipokatwa, ujiulize ni nani waliobaki nje ya ukingo wake.

Mjukuu wangu nilimsimulia habari yote, pamoja na ile ya mwaka 1986, ambayo hata bibi yake hakuwahi kuijua. Alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko ninavyomjua. Kesho yake akanipiga picha nikiwa barazani, miwani puani, kidole kimoja juu ya simu, akaniuliza kama ananiruhusu niandikwe. Nikamruhusu. Akaandika: "Alisema: Nikituma kwa walimu wastaafu tu, itafika wapi?"

Nikaituma kwenye kundi letu, na chini yake nikaeleza habari ya mtaro, ya mwenye mali na ya mtoto aliyegoma kwenda shule. Wenzangu wengine walicheka, wengine walinyamaza. Watatu waliandika kwamba watarudi kwa wale waliowatumia ile ya kwanza, wawaambie. Picha ya mayai ilikwenda mbali kwa siku moja. Maelezo yake yanatembea kwa miguu. Juzi nilipita tena Msimbazi. Mtaro ule bado uko wazi, boksi limebadilishwa likawekwa jipya, na vijana bado wanaita, "We Mara Mbili!"